Kampuni Pekee Niliyoipenda

Kisa hiki si cha zamani wala si cha kale. Kilianza Jumanne moja, baada ya chai ya saa nne, katika nchi ambayo sitaitaja jina kwa sababu kuna Sheria ya Kulinda Jina la Nchi, na adhabu yake siikumbuki vizuri ingawa niliisomea mtihani. Nchi yenyewe ni nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawakili wengi kuliko kesi, na ina Waziri wa Sheria ambaye kila mwaka hutuhutubia kwa saa tatu bila kunywa maji.

Mwaka niliohitimu mimi, Mheshimiwa Waziri alikuwa amegundua kwamba shahada za sheria zinakaa mno majumbani. "Elimu si kabati," alisema, "kwamba uiweke sebuleni wageni waione! Elimu ni maziwa. Isiponywewa, inaganda!" Tukapiga makofi. Mimi nilisimama kabisa, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha, kwa sababu nilidhani anatumia lugha ya picha. Wiki iliyofuata tulikabidhiwa shahada zetu, na chini kabisa, karibu na saini ya mkuu wa chuo, palikuwa na mstari mpya: *Itumike kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita.*

Kuitumia maana yake ni kupata kampuni ya mawakili itakayokupokea uwe mwanagenzi wake, ukae nayo miaka miwili ukifundishwa kazi, ndipo uapishwe kuwa wakili. Asiyepata kampuni mpaka tarehe hiyo hafungwi wala hapigwi, serikali yetu si katili. Anapewa cheti cha Msomi Mstaafu. Msomi Mstaafu anaruhusiwa kufanya kazi yoyote isiyohitaji kusoma, na haruhusiwi kutamka Kilatini mbele ya watoto. Jirani yetu mmoja alistaafu usomi akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa anafuga kuku, na husikika alfajiri akiwasomea haki zao kabla ya kuwachinja.

Mama yangu hakuuona ule mstari. Alikuwa ameshawatangazia wenzake wa chama cha kuzikana kwamba mwanawe Fikirini ni wakili, nao wakaanza kumletea kesi za mipaka ya viwanja. Aliziamua mwenyewe, kwa niaba yangu, huku anapepeta mchele, na sijasikia aliyekata rufaa. Tangu hapo nikawa namwogopa mama kuliko ile tarehe.

*

Sasa niwaeleze habari ya mapenzi.

Inasemekana miaka ya nyuma kijana mmoja alikubaliwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja, akachagua moja. Ile iliyoachwa ilifunga milango siku tatu. Chama cha Mawakili kikakutana kwa dharura, kikapitisha Kanuni ya Moyo Mmoja, inayosema kwamba kila anayeomba uanagenzi sharti aambatishe barua, wasifu, picha mbili (katika moja atabasamu kwa kiasi, katika nyingine aonekane anahuzunishwa na dhuluma), na hati ya kiapo. Katika hati hiyo unaapa kwamba kampuni hii ndiyo pekee uliyoipenda tangu utotoni, kwamba hujaomba kwingine, na kwamba ikikukataa utakaa nyumbani na majonzi yako.

Kampuni zilikuwa arobaini na tatu. Tulioomba tulikuwa elfu moja na mia moja. Nafasi zilitangazwa kumi na mbili, kisha saba zikafutwa kwa uhaba wa viti. Kwa hesabu hiyo hata mtoto angeona kwamba lazima uombe kote, na ukiomba kote lazima uape kote. Taifa zima la wahitimu wa sheria likapanga foleni nyuma ya Mahakama Kuu kwa Bwana Lugendo, Kamishna wa Viapo, ambaye kazi yake ni kukusikia ukiapa na kukupigia muhuri.

"Inua mkono wa kulia," aliniambia.

Nikainua.

"Unaapa kwamba kampuni hii ndiyo pekee?"

"Naapa."

"Haya, lete inayofuata. Usiushushe mkono, bwana, utachoka kupandisha."

Sitaki kujisifu, lakini niliandika vizuri. Sikunakili kiapo hata kimoja kama wafanyavyo wavivu. Kampuni ya sheria za bandari niliiapia kwamba nikiwa na miaka saba nilikataa gari la kuchezea nikalilia hati ya shehena. Kampuni ya sheria za ardhi niliiapia kwamba neno la kwanza kulitamka maishani mwangu lilikuwa "hatimiliki". Kampuni ya kesi za talaka niliiapia kwamba utotoni niliwaombea wazazi wangu waachane ili nipate uzoefu. Baba yangu alikuwa amelala chumba cha pili nilipokuwa naandika hiyo, anakoroma kwa amani, na mimi nikafunga mlango taratibu nisimwamshe.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Semeni Chilongola. Semeni na mimi tulisoma dawati moja miaka minne. Kitabu cha sheria ya ushahidi kilikuwa kimoja kati yetu, tukakikata katikati: yeye akachukua nusu ya kwanza, mimi ya pili. Ndiyo maana mpaka leo najua namna ya kuupinga ushahidi lakini sijui ushahidi ni nini. Mtihani ukikaribia alikuwa ananieleza ya kwake tukitembea kurudi bwenini, nami namweleza ya kwangu. Alitoka wa kwanza darasani. Mimi nilitoka.

"Fiki," aliniambia akichungulia makaratasi yangu, "hivi kweli uliwaombea wazazi wako waachane?"

"Ni lugha ya kisheria."

"Ni uongo."

"Ni uongo wa kisheria."

"Mimi siwezi. Nimeandika ya kweli tu. Wakinikataa, wanikatae mimi, siyo mtu mwingine niliyemtunga."

Nilimwonea huruma sana. Bwana Lugendo alipoisoma hati yake alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada, hii ni ya kweli?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, baba."

Alifungua mtoto wa meza akatazama mihuri yake mmoja mmoja. Alisema amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na hajawahi kuombwa kitu kama hicho, na hana hakika kama muhuri alio nao unafaa. Mwishowe alimpigia ule wa kawaida, lakini kwa wasiwasi, na akamwomba asimtaje iwapo patatokea matatizo.

*

Majibu yakaanza kuja. Yote yalisema kampuni imeguswa sana na maombi yangu. Niliwagusa watu wengi mwaka ule. Kampuni moja iliandika kwamba imeguswa kiasi cha kushindwa kuendelea.

Kampuni nyingine, ya kisasa zaidi, haikutaka kuniona uso kwa uso. Ilinitaka nizungumze mbele ya simu kwa sekunde tisini, kisha mashine yao ya kupimia unyofu isikilize sauti. Nilijirekodi uani, mama akiwa ametoka. Nikasema kwa hisia, nikanyamaza panapostahili, nikapandisha pumzi kwenye neno "haki". Baada ya siku mbili matokeo yakaja: mimi nilipata asilimia nne. Jogoo aliyewika nyuma yangu alipata asilimia sitini na moja, akaalikwa hatua ya pili. Niliwaandikia kuwaeleza. Wakajibu kwamba mashine haina rufaa, na kwamba jogoo afike na nakala ya vyeti.

Ilipofika tarehe 20 mwezi wa sita nilikuwa nimekataliwa na kampuni arobaini na mbili. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, kwa sababu mtu aliyekata tamaa hulala. Mchana ndio ulikuwa mgumu. Mama alikuwa ameninunulia tai.

Kisha tarehe 28 nikapigiwa simu na kampuni ya arobaini na tatu, Mwinyimkuu na Marehemu Gwamaka, Mawakili. Nifike siku hiyo hiyo. Nafasi ilikuwa moja. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wawili: mimi, kwa sababu ambayo sikuijua, na Semeni Chilongola, kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani na bahasha ya kiapo chake ilikuwa bado haijafunguliwa.

*

Tulikaa kwenye benchi moja ukumbini, kama tulivyozoea. Semeni alikuwa amevaa gauni la kijani alilovaa siku ya mahafali. Aliniweka sawa tai.

"Mmoja wetu atatoka na kitu leo," alisema. "Tusiombeane mabaya."

"Sikuombei mabaya," nilisema, na wakati ule ilikuwa kweli kabisa.

Niliitwa wa kwanza. Nyuma ya meza walikaa wasaili watatu. Katikati alikuwa Wakili Mwinyimkuu mwenyewe, mzee mnene mwenye sauti ya hotuba ya mazishi. Kulia kwake Bibi Pelagia, Mkuu wa Idara ya Vipaji. Kushoto kulikuwa na kiti chenye picha kubwa ya Marehemu Gwamaka katika fremu, na mbele ya picha glasi ya maji. Marehemu alifariki miaka kumi na minne iliyopita, lakini mkataba wa ubia haukuwa na kifungu kuhusu kifo, kwa hiyo bado anapiga kura.

"Shikamoo, Mheshimiwa Wakili Msomi," nilisema. "Shikamoo, mama." Nikatazama picha, nikaona kukaa kimya ni utovu wa adabu. "Shikamoo, Marehemu."

"Marahaba," alijibu Wakili Mwinyimkuu kwa niaba ya wote. "Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Ndipo nikaona kilichokuwa mezani. Zilikuwa hati zangu za kiapo. Zote. Arobaini na tatu, zimefungwa kwa utepe mwekundu, kwa maana Bwana Lugendo hupeleka nakala ya kila kiapo kwenye Masjala ya Viapo, na mimi, mwanasheria, sikuwahi kujiuliza nakala zile huenda wapi. Kiapo cha uongo katika nchi ile ni miaka saba. Hilo nililijua, lilikuwa katika nusu yangu ya kitabu. Saba mara arobaini na tatu nikashindwa kuzidisha.

Wakili Mwinyimkuu alifungua utepe bila haraka.

"Hapa umeapa kwamba tarehe tatu, saa tatu asubuhi, ulipoona kibao chetu kwa mara ya kwanza, machozi yalikutoka."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hapa umeapa kwamba tarehe tatu, saa nne asubuhi, machozi yalikutoka mbele ya kibao cha hawa jirani zetu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na saa tano, mbele ya kile cha mtaa wa pili."

"Ilikuwa siku ndefu, Mheshimiwa."

Alifunua, akafunua. Alisoma habari ya hati ya shehena. Alisoma habari ya wazazi wangu, akatikisa kichwa. Jasho lilinishuka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Kisha akatoa karatasi moja kutoka katikati, akaiweka peke yake mezani, akavua miwani.

"Hii ya kumi na saba," alisema, "imenihuzunisha."

"Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa na shida. Shahada yangu inaganda keshokutwa."

"Hujataja mahali ulipoapia."

Sikuelewa. Nikamtazama Bibi Pelagia. Alikuwa ameinamisha uso kama watu wanavyofanya msibani.

"Mahali!" Wakili Mwinyimkuu alisimama, na sauti yake ikajaza chumba. "Kijana, kama machozi yalitoka au hayakutoka, hilo ni la kwako na Mola wako. Sisi ni nani tukapime machozi? Lakini kiapo kisichosema kimeapwa wapi! Ni wapi hapo? Ni angani? Ni baharini? Nimeona hati za watu wakubwa zikitupwa nje ya mahakama kwa kosa hilo, na wenye hati wakalia kilio cha kweli! Taifa linaweza kuvumilia uongo, mwanangu. Limeuvumilia vizuri. Taifa haliwezi kuvumilia kasoro!"

"Haliwezi," alisema Bibi Pelagia.

"Lakini," akaketi, akashusha pumzi, "arobaini na mbili hazina doa. Aya zimepewa namba. Uthibitisho upo. Tarehe zipo. Na hakuna kiapo kinachofanana na kingine. Nina mawakili humu ndani wenye miaka kumi wasioweza kuandika hivi. Marehemu, una neno?"

Tulitazama picha. Tukasubiri dakika nzima, ndivyo utaratibu ulivyo. Saa ya ukutani ikagonga.

"Marehemu hajapinga," alisema Wakili Mwinyimkuu, na Bibi Pelagia akaandika.

Nilifurahi. Kwa nini nifiche? Nikamwona mama na wenzake wa chama, nikaona tai ikipata kazi. Nikasahau kabisa kwamba nje kuna mtu kwenye benchi.

*

Bibi Pelagia hakusahau. Alichukua bahasha ya Semeni, akaifungua, akasoma mistari mitatu, akaifunika na kiganja.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ameapa kwamba ameomba kampuni zote."

"Zote? Ameandika hivyo?"

"Ameandika hivyo, na anasema sisi ni mojawapo."

Wakili Mwinyimkuu alitazama picha ya mwenzake kwa aibu, kana kwamba neno chafu limesemwa mbele ya mgeni. Lakini kanuni ni kanuni. Aliyeitwa kwenye usaili lazima asikilizwe, na mpaka wote wasikilizwe nafasi haina mwenyewe. Njia ya kumrudisha bila kumsikiliza ilikuwa moja tu: mtu wa kampuni aandike maoni kwamba hati yake ina kasoro.

"Na akisikilizwa," nikauliza, "nafasi...?"

"Alikuwa wa kwanza darasani," alisema Bibi Pelagia. "Tukimsikiliza, itabidi tumsikie."

"Haya, mwanagenzi," Wakili Mwinyimkuu alinisogezea karatasi na kalamu. "Kazi yako ya kwanza hiyo. Itazame. Ukiona haina kasoro, sema tu. Sisi ni watu wa haki."

Nikaichukua hati ya Semeni. Ilikuwa ukurasa mmoja. Mahali palikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Muhuri ulikuwepo, umekaa kwa wasiwasi lakini umekaa. Aya ya kwanza ilisema jina lake na umri wake. Ya pili ilisema ameomba kampuni arobaini na tatu. Ya tatu ilisema haijui kampuni hii sana, ila akipokelewa atafanya kazi kwa bidii na hataiba. Nilisoma kila neno. Katika maisha yangu ya sheria, mafupi kama yalivyo, sijawahi kuona hati safi kama ile. Kalamu ilianza kunitoka mkononi, nami nikajisikia nakaribia kuwa mtu mwema.

Kisha nikafika aya ya nne. *Kwamba nimesikia kampuni hii inawatendea vyema wanagenzi wake.*

Nimesikia. Hakusema amesikia kwa nani. Anayeapa juu ya jambo aliloambiwa lazima amtaje aliyemwambia, la sivyo hati ina kasoro. Hilo halikuwa katika nusu yangu ya kitabu. Lilikuwa katika nusu ya Semeni, na nililijua kwa sababu alinieleza yeye, mara tatu, kwa subira, tukitembea kurudi bwenini.

Na aliyemwambia kwamba kampuni hii inawatendea vyema wanagenzi wake ni mimi. Nilimwambia kumtia moyo tu. Habari yenyewe niliitunga.

Nikaandika: *Aya ya nne ina kasoro isiyotibika. Chanzo cha taarifa hakikutajwa na hakifahamiki.* Nikatia saini, tarehe, na mahali. Wakili Mwinyimkuu aliisoma mara mbili, akanishika bega kwa mapenzi ya baba.

"Kamtaarifu," alisema.

*

Semeni alisimama aliponiona. Hakuuliza habari zake kwanza, aliuliza zangu.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Alhamdulillahi!" Alinikumbatia pale pale ukumbini, mbele ya mlinzi. "Mama atacheza ngoma leo. Na mimi, naingia sasa?"

"Hati yako imeonekana ina kasoro," nilisema.

"Kasoro gani?"

"Aya ya nne."

Alifikiri kidogo, macho juu, kama alivyokuwa akifanya kwenye chumba cha mtihani. Kisha akajipiga kofi la paji la uso.

"Chanzo! Jamani, sikutaja chanzo! Kosa la mwaka wa pili kabisa." Alicheka, lakini macho yalikuwa yameanza kumeremeta. "Wana macho hao watu. Nani kaiona?"

"Wakubwa," nilisema. "Mimi walikuwa wameshanipeleka chumba cha pili."

Nimeapa mara arobaini na tatu mbele ya muhuri wa serikali, na sidhani kama kuna aliyeniamini hata mara moja. Semeni hakuniomba hata niseme "haki ya Mungu". Aliniamini palepale, akatikisa kichwa, akasema ndiyo maisha, na kwamba nikishazoea humo ndani nimkumbuke. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitaka kumwambia. Nilikaa naye kwenye lile benchi muda mrefu nikitaka kumwambia, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi nyuma yetu.

Semeni akafungua mkoba, akatoa chapati aliyoifunga kwenye gazeti, akaikata vipande viwili, akanipa kile kikubwa. Alisema asubuhi aliniona sijala. Nikakipokea nikala chote, kwa sababu nilikuwa na njaa kweli.